Madamu Djamila na Watoto Walioachiwa Mungu

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu. Na wale mnaosikilizia kwa jirani, msijifanye mnapita tu njiani. Kaeni. Leo hakuna muziki mpaka tumalize. Leo tunamkumbuka mtu.

Anaitwa Djamila binti Bulaimu. Mwalimu wa hesabu hapa Kasongo. Miaka thelathini na sita. Amefariki Alhamisi ya juma lililopita, asubuhi, akazikwa siku hiyohiyo kabla ya alasiri. Narudia kwa ambao wamechelewa kuwasha: Djamila binti Bulaimu, mwalimu wa hesabu, miaka thelathini na sita. Wanafunzi walimwita Madamu Iks, kwa sababu ya ile herufi aliyoitafuta ubaoni maisha yake yote.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wake. Mtihani wa mwisho alinipa mbili juu ya ishirini. Nikamwendea na kiburi changu: "Madamu, hata hii mbili umeipata wapi?" Akasema, "Umeandika jina lako bila kosa. Nikasema tusikuvunje moyo."

Mnanijua, mimi ni mtu wa mizaha. Leo nitatania kidogo, kwa sababu nikilia hewani yeye angenikasirikia. Lakini nawaonya mapema. Habari hii ina baridi ndani yake. Nimeisimulia mara tatu kabla ya leo, na mara zote tatu nimejikuta nageuka kutazama mlango.

Tuanze mwanzo.

Djamila alizaliwa hapa Kasongo. Baba yake, marehemu Bulaimu, aliuza vitambaa sokoni. Mama yake ni Mama Malaika, yuko hai, mtamsikia mwishoni. Djamila alikuwa mtoto wa kwenda na kurudi. Mwezi huu Kasongo, mwezi ujao Nyangwe kwa bibi yake, karibu na mto. Leo yuko, kesho hayupo. Majirani wengine walidhani ni mtoto wa mgeni. Kwa bibi alihesabu mitumbwi. Kasongo alihesabu mbuzi wa watu. Kaka yake Kamaldine anakumbuka:

"Dada yangu alihesabu kila kitu. Vifungo vya shati ya baba. Kokoto za mlangoni. Kitu kimoja tu mama alimkataza. Alimwambia, wee Djamila, watu wa hii nyumba usiwahesabu. Ukiwahesabu nitakuchapa. Na mama hakuwa mutu wa kuchapa."

Wasikilizaji wa huku mnajua sababu. Lakini iko na wageni wanaotusikiliza, kwa hiyo nieleze. Huku kwetu wazazi wengi hawataji hesabu ya watoto wao. Ukimwuliza mama ana watoto wangapi, anapunguza mmoja. Wako watano, anasema wanne. Huyo mmoja anaachiwa Mungu. Kama kuna kitu kibaya kinapita na kinasikiliza, kisijue idadi kamili. Ukimwuliza mama yangu, atakwambia tuko sita. Mimi nikihesabu, tuko saba. Miaka yote hiyo nilidhani mama hajui hesabu, na kwamba zile mbili juu ya ishirini nilizirithi kwake.

Shikeni hiyo desturi mkononi. Mmoja anaachiwa Mungu. Msiiangushe.

Sasa twende Wamaza.

Mwaka jana, mvua zilipoanza, surua iliingia Wamaza, kwenye barabara ya Kabambare. Pale kituo cha afya kinashikwa na muganga Élysée, tabibu wa sindano na vidonge. Mutu wa taratibu. Frigo yake, friji ya chanjo, inakula jua kutoka juu ya bati, na yeye hufunga mlango wake polepole kama anafunga chumba cha mutu aliyelala. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Élysée alikuwa amepita nyumba kwa nyumba na orodha yake. Orodha ilikuwa na watoto mia nne na wanane. Alichanja mia nne. Wanane wazazi wao walikataa. Narudia: mia nne na wanane kwenye orodha, mia nne wamechanjwa. Kwa muganga wa Wamaza, na matope yale, hiyo ni kazi ya kupigiwa makofi.

Kisha surua ikaja, na watoto wakaanza kuumwa. Hamsini. Mia. Mia mbili. Ilipofika mwisho, walioumwa walikuwa mia mbili hamsini na tisa. Kumi na tisa walifariki, Mungu awapokee. Na kila mama alipofika kituoni, Élysée aliuliza, "Kadi ya chanjo iko wapi?" Na karibu kila mama akatoa kadi. Kadi safi. Muhuri upo. Tarehe ipo. Mtoto amechanjwa, na mtoto anaumwa.

Maneno yakaanza kutembea, na maneno ya huku yanatembea haraka kuliko moto, hizi pikipiki za Kasongo. Wengine walisema chanjo ni maji. Wengine walisema jambo lingine, tena kwa sauti ya chini. Walisema kuna kitu kinapita usiku nyumba kwa nyumba, na kila nyumba kinachagua mmoja. Hakichukui wawili. Kinachagua mmoja.

Pale zoni ya afya, docteur mmoja, jina lake tuliache, alishakata shauri. Alisema frigo ya Élysée ilikufa na chanjo ikafia ndani. Jumatatu kungekuwa na mkutano. Élysée angeondolewa. Boksi za chanjo zilizokuwa zinangoja vijiji vya mbele, njia ya kwenda Kabambare, zingerudishwa mpaka ije frigo mpya. Miezi minne, labda mitano. Na surua haingoji frigo. Tena wazazi wa mbele walikuwa wameshasema: kama ni maji, watoto wetu wakunywe ya kisima.

Lilikuwa limebaki jambo moja, ripoti. Ripoti inataka namba. Wakamwita mwalimu wa hesabu aje aziandike. Wakamwita Djamila. Walitaka awaandikie cheti cha kifo cha chanjo.

Djamila hakuandika. Alianza kwanza na lile neno la mitaani, kwamba wagonjwa wana kadi, basi chanjo haina kazi. Alikuja hapa studio kulijibu. Nitawapa mfano wake, maana aliuchonga kwa ajili yangu. Alisema: "Wanafunzi mia. Tisini wamesoma, kumi hawakusoma. Wale kumi wote wanaanguka. Kati ya tisini, wanaanguka tisa, kwa bahati mbaya. Walioanguka jumla kumi na tisa. Karibu nusu yao walisoma. Utasema kusoma hakusaidii?" Nikasema, "Madamu, mimi nimesema hivyo siku nyingi." Akasema, "Najua. Wewe uko kwenye wale kumi."

Studio nzima ilicheka. Nikataka kulipiza. Nikamwuliza, "Na wewe Madamu, unawachanjisha watoto wa watu, wewe mwenyewe umechanjwa?" Akacheka kile kicheko chake cha puani. Akasema, "Kadi yangu? Ni safi kuliko kaye zako zote, yale madaftari yako ya sekondari."

Ile sauti tunayo hapa, imehifadhiwa. Fundi wetu hataki kuirusha tena. Leo sitamlazimisha.

Tuendelee. Djamila alitengeneza kitu anachokiita modeli. Msiogope neno. Modeli ni hesabu inayosema kitu gani kingepaswa kutokea. Kisha unatazama kilichotokea. Kama viko mbali, unaanza kuuliza. Hesabu yake ilikuwa hivi. Chanjo nzuri ya surua inakinga watoto tisa kwa kumi. Mmoja inamkosa. Basi kwa mia nne waliochanjwa, inawakosa arobaini. Ongeza wale wanane waliokataa. Arobaini na wanane. Hata surua ingeingia kila nyumba ya Wamaza, kwa orodha ile wagonjwa wasingepita arobaini na wanane.

Walikuwa mia mbili hamsini na tisa.

Toa arobaini na wanane. Wanabaki mia mbili na kumi na mmoja.

Kamaldine alikuwapo nyumbani alipomaliza. Anasema dada yake aliweka chaki chini, akamwambia, "Iko njia mbili tu. Ao chanjo ilikufa kweli. Ao Wamaza kuna watoto mia mbili na kumi na mumoja ambao hawapo."

"Hawapo namna gani?"

"Hawapo popote. Hawajaandikwa. Lakini wanaumwa."

"Djamila," Kamaldine akamwambia, "watoto wasiokuwapo na wanaumwa, wale wana jina lingine. Uende kwa shehe, usiende kwa docteur."

"Jina lao ni iks," akasema. "Shika taa, nione vizuri."

Akachukua rejista ya Élysée. Akachora kila nyumba ya Wamaza kwenye ubao wake, kiboksi kidogo. Kila mgonjwa akamrudisha kwenye nyumba yake kwa nukta moja ya chaki. Alifikiri hivi: kama chanjo imekufa, ndugu wanalala mkeka mmoja, wataumwa pamoja. Nukta zitajazana, tatu hapa, nne pale. Akaweka nukta. Nyumba hii, moja. Inayofuata, moja. Inayofuata, moja. Nyumba chache tu zilikuwa na mbili. Kamaldine anasema ubao ulipojaa, ulionekana kama mutu amepita Wamaza yote, akigonga kila mlango mara moja tu.

Wale wa sauti ya chini walikuwa wamesema kweli. Kila nyumba, mmoja.

Ijumaa asubuhi Djamila alipanda moto kwenda Wamaza. Alifika na matope mpaka kwenye kilemba. Élysée akampeleka wodini. Walikuwa wamebaki wagonjwa wachache. Kitanda cha mwisho alilala msichana mmoja mdogo, ngozi inabambuka, macho yamefumba. Kadi iko kwenye kamba juu ya kichwa: Yvette, miaka sita, amechanjwa. Pembeni amekaa mama yake, Mama Emilienne, mkulima wa pale, anampepea na mfuniko wa sufuria.

Djamila alimtazama mtoto kwa muda mrefu. Miaka sita? Mikono ile ilikuwa ya miaka mitatu.  Akatoka, akamwomba Élysée amwonyeshe nyumba ya Emilienne.

Alikuta nyumba ya udongo, kibambazi kizuri, kuku wawili, na msichana anatwanga sombe, majani ya muhogo, kwenye kinu. Mzima. Jasho linamtoka.

"Unaitwa nani, mama?" Djamila akamwuliza.

"Yvette."

"Yvette mutoto ya nani?"

"Ya Mama Emilienne."

"Yvette iko kituoni, anaumwa. Mi nimetoka kumuona sasa hivi."

Msichana hakuacha kutwanga. "Ndiyo," akasema. "Anaumwa sana."

"Na wewe ni nani?"

"Yvette."

Élysée ananiambia kwamba jua lilikuwa kali siku ile, na yeye alisikia baridi kwenye mgongo kama amemwagiwa maji ya mto. Wakarudi kituoni mbio. Djamila akachuchumaa karibu na Mama Emilienne.

"Mama, Yvette nimemukuta nyumbani. Anatwanga sombe."

Emilienne akaziba masikio ya mtoto aliyelala. "Madamu, sema polepole. Huyu asisikie. Na wengine wasisikie."

"Huyu ni nani?"

"Ni wa Mungu."

Basi akamweleza. Siku ya orodha, Élysée alipouliza watoto wangapi, Emilienne alisema wawili. Walikuwa watatu. Mdogo alikuwa amefungiwa shambani na shangazi. Siku ya chanjo akaleta wawili. "Ningeleta huyu namna gani? Si ningekuwa nahesabu mbele ya watu?" Kisha surua ikaja. Wawili wakabaki wazima. Yule wa tatu akaumwa. Kituo kikadai kadi, na yeye kadi hana, hata kwenye orodha hayupo. Emilienne akachukua kadi ya Yvette. Na mtoto akalala kitandani kwa jina la dada yake.

"Nilimuficha asionekane," Emilienne akasema. "Sasa ile kitu imepita wale wote, imeona yeye tu. Nani aliisemea?"

Djamila akamshika mkono. "Mama, haikumuona. Wale wawili ulifunga mulango. Huyu ulimuacha inje."

Wasikilizaji wapendwa, mnaelewa? Kila nyumba ilimwachia Mungu mmoja. Kila nyumba ilificha mmoja. Na kila nyumba aliumwa yuleyule. Hakuna kitu kilichokuwa kinapita kuchagua. Sisi tulikuwa tumeshachagua. Mwaka mmoja kabla. Kwa mapenzi.

Élysée anasema: "Nilifurahi frigo yangu haikufa. Nikatazama vile vitanda, nikaona haya kwamba nimefurahi."

Lakini Jumatatu ilikuwa inakuja. Docteur hangekubali hadithi ya sombe. Alitaka idadi. Na ni mama gani wa Wamaza angesimama kutaja idadi, mwaka ule ule uliochukua kumi na tisa? Djamila alijaribu nyumba tatu. Ya kwanza walimpa ndizi na kunyamaza. Ya pili walisema, "Wako wa kutosha, Madamu." Ya tatu walimwachia mbwa. Hapo mimi nilimwuliza baadaye, ulikimbia mita ngapi? Akasema, "Zile ndizo sikuzihesabu."

Jumamosi akaita akina mama mbele ya kituo. Akasema: "Sitahesabu. Naapa mbele yenu, na yeyote asihesabu. Kila mama achukue punje za mahindi. Nyumbani, kila mutoto ashike punje moja kwa mukono wake. Kisha ulete, uangushe ndani ya hiki kibuyu. Hakuna atakayetazama mukono wako."

Mama mmoja wa nyuma akauliza, "Na yule aliyekwenda?"

Djamila akaokota punje moja, akamwendea.

"Weka na yake," Djamila akasema.

Jumapili yote walipita mmoja mmoja. Élysée alikaa amewapa mgongo. Anasema alisikia tu punje zikianguka, tik, tik, na kuna mama wengine baada ya tik ya mwisho walisimama pale muda mrefu.

Jioni jua halijazama, Djamila alibeba kibuyu kwa Mzee Mahamudu. Mzee Mahamudu ananunua dhahabu ya machimbo. Ana mizani ndogo inayosikia hata unywele. Djamila alikuwa amepima kwanza punje mia moja za mahindi yaleyale: gramu thelathini. Sasa wakamimina kibuyu chote kwenye mizani. Hakuna aliyehesabu. Walipima.

Mzee Mahamudu anasema: "Miaka ishirini napima dhahabu. Watu wanapiga kelele, wananitukana, eti nimeweka kidole. Siku ile uwanja ulijaa, na nilisikia mizani ikitikisika."

Gramu mia moja themanini na sita. Punje mia sita na ishirini. Toa wale mia nne na wanane wa orodha. Wanabaki mia mbili na kumi na wawili.

Hesabu ya chaki, Kasongo, kabla hajawahi kuona mtoto hata mmoja wa Wamaza, ilikuwa imesema mia mbili na kumi na mmoja.

Élysée akamwuliza, "Na huyo mumoja anayezidi?"

Djamila akasema punje si risasi, nyingine nene, nyingine nyembamba, hesabu kama hii inaweza kukosea hata watano. Kisha akafikiri kidogo, akasema, "Ao iko mumoja aliyefichwa na hajaumwa bado."

Jumatatu docteur alitazama karatasi, akatazama kibuyu, akaomba frigo ifunguliwe. Ilikuwa nzima. Lazima niseme haki yake: alisimama mbele ya watu akamwomba Élysée msamaha. Boksi hazikurudishwa. Zilikwenda mbele, na kibuyu kikaenda nazo. Kijiji kwa kijiji mpaka Kabambare, hakuna orodha, hakuna swali. Mtoto anakuja na punje mkononi, anaiangusha, anachanjwa, anakwenda. Watoto walitoka mashambani, walitoka nyuma ya jikoni, walitoka kwa mabibi ng'ambo ya mto. Élysée anasema walikuwa wengi mpaka akaogopa. Kuna nyumba alizopita miaka sita bila kujua nyuso zile. Huko mbele surua ilifika kweli, ikakuta milango imefungwa. Ikaisha.

Djamila alishinda wiki nyingi barabarani, kituo kwa kituo, anainama juu ya wagonjwa wa mwisho kusoma kadi zao. Mama Malaika alimtumia ujumbe mara mbili arudi nyumbani. Hakusema kwa nini. Alisema tu, "Rudi, mwanangu, inatosha."

Alirudi Kasongo na homa. Macho mekundu, kikohozi. Nyumbani walisema ni palu, malaria ya kawaida. Siku ya nne vipele vikatoka nyuma ya masikio. Aliviona kwenye kioo, na Kamaldine anasema alikasirika kama mwanafunzi amemwandikia upuuzi.

"Haiwezekani. Mi nilichanjwa. Nina kadi."

Surua ya mtu mzima ni kali, wasikilizaji. Ilishuka kwenye mapafu. Wakampeleka hospitali. Siku ya pili ya kitanda akasema, "Kamaldine, niletee kadi yangu. Ile ya utoto. Iko kwenye sanduku la mama."

Kamaldine akaileta. Kadi ya njano, imekunjwa mara nne. Mama Malaika alikuwa amekaa miguuni pa kitanda. Djamila akaisogeza karibu na macho. Jina: Djamila. Lakini karatasi chini ya jina ilikuwa nyembamba, imekwanguliwa. Chanjo ya surua: ipo, na tarehe. Na pembeni ya tarehe, mahali ambapo hakuna anayesomaga isipokuwa mwalimu wa hesabu, waganga wa zamani walikuwa wameandika uzito wa mtoto. Kilo kumi na moja na nusu.

Alihesabu kwa vidole. Siku ile ya tarehe, yeye Djamila alikuwa na miezi miwili.

Mtoto wa miezi miwili hana kilo kumi na moja na nusu. Kamaldine, aliyemtangulia, ndiye aliyekuwa na miaka miwili, na kadi ilikuwa yake.

Hakupiga kelele. Alimtazama mama yake. Akakumbuka Nyangwe, naamini hivyo. Zile safari za ghafla. Kila waganga walipokuja mtaani, Nyangwe. Kila surua ilipopita Kasongo, Nyangwe. Akacheka kile kicheko cha puani, kikageuka kikohozi. Kilipotulia akasema:

"Mama. Kumbe ile punje ni yangu."

Najua, hesabu haifanyi hivyo. Alikuwa Kasongo, kibuyu kilikuwa Wamaza. Mimi nina mbili juu ya ishirini, msinisikilize. Lakini nikiwa peke yangu huwa nasikia ile sauti. Iko mumoja aliyefichwa na hajaumwa bado.

Alikaa siku tano. Mama Malaika hakutoka miguuni pake. Alhamisi asubuhi akaondoka. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Kwenye kaye yake, daftari la hesabu, ukurasa wa mwisho, mwandiko umelala. Ameandika hesabu ya Kasongo, mtaa wake. Waliochanjwa, namba. Wasiochanjwa, namba. Hiyo ya pili ameikata mstari, na juu yake ameandika ile namba tena, imeongezwa moja.

Juzi nilikwenda matangani. Nilimkuta Mama Malaika ameketi kwenye mkeka, nikampa pole, nikawasha kinasa sauti kwa ruhusa yake. Sikutaka kumwuliza lolote. Yeye ndiye aliyesema, "Niulize lile swali la waganga." Nikasema, "Lipi, mama?" Akasema, "Unalijua."

Nikamwuliza. "Mama Malaika, umezaa watoto wangapi?"

Miaka arobaini waganga, makarani, wajukuu, wote walimwuliza, na wote aliwajibu wanne. Watu wa mkekani wakaacha kuzungumza. Hata aliyekuwa anamimina chai aliinua birika akabaki nalo.

"Nimezaa watano," akasema. "Kamaldine anajua, majirani wanajua, mimi tu ndiyo sikusema. Watano. Wa mwisho ni Djamila. Nilijua hana chanjo. Alipokuwa anakwenda Wamaza nilijua. Nilitaka kumwambia, lakini kumwambia ni kumhesabu. Nikaogopa kile kitu kitasikia."

Tukangoja. Sijui tulikuwa tunangoja nini. Wasikilizaji wapendwa, sote pale tulisikiliza nje, kama mutu anayesikiliza hatua njiani. Upepo haukuvuma. Mlango haukugonga. Hakuna kitu kilichokuja. Kisha Mama Malaika akasema polepole, na haya ndiyo maneno yake ya mwisho kwenye kinasa:

"Unaona? Hakuna aliyekuwa anasikiliza."

Kwa Mama Malaika, kwa Kamaldine na ndugu zake, kwa ukoo wote wa Bulaimu, kwa walimu na wanafunzi wake, sisi wa redio hii tunasema poleni. Poleni sana. Kwa zile nyumba kumi na tisa za Wamaza pia, tunasema poleni, hatujawasahau. Mungu amweke Djamila mahali pema.

Na wewe unayesikiliza, ninalo ombi moja. Leo kabla ya kula, watazame watoto wako wanavyonawa mikono. Usiseme idadi kama ulimi unakataa. Weka punje tu mezani, mbele ya kila mmoja. Kisha mtafute yule ambaye umemwachia Mungu, umshike mkono, umpeleke kwa muganga wa kwanza utakayemkuta. Mungu hatakasirika.

Mimi kesho asubuhi nakwenda kuchanjwa. Nimemwuliza mama yangu tena tuko wangapi. Safari hii hakusema sita. Alinishika mkono.